Neno la kwanza lilikuwa feni

Kama una mtoto mdogo Tanga hii unayajua maswali ya watu. Akiwa na miezi sita, je anakaa? Akikaa, je ashasimama dede? Akisimama dede, anatembea? Alafu akishatembea ndo linakuja lile kubwa, anasema? Na kwetu hili la mwisho linaulizwa kwa sauti ya chini na jicho la pembeni, maana baba yake mtoto ni kiziwi.

Sasa ngoja niwajibu wote kwa pamoja nisirudierudie kila nikitoka kwenda dukani. Anasema. Tena anasema mpaka kero. Ila nusu ya anayoyasema yako mikononi na wengi wenu mnamwangalia mdomo.

Mume wangu alizaliwa anasikia. Akaugua homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule, mwili ukapona masikio yakabaki hukohuko, na huo ugonjwa ni moja ya sababu kubwa zinazojulikana za mtoto aliyezaliwa anasikia kuja kupoteza usikivu, kwahiyo hakuna cha kurithi hapo. Ni fundi baiskeli Ngamiani, na mji wetu mnaujua ulivyo wa baiskeli, kazi haikosi. Mteja anafika anaonyesha tairi, fundi anakagua, anainua vidole vya bei, mteja anapunguza kidole kimoja, fundi anatikisa kichwa, biashara inakwenda. Mimi nasikia. Lugha ya alama nimejifunza ukubwani, kwake yeye na kwa rafiki zake, na mpaka leo wananicheka eti mikono yangu ina lafudhi.

Mtoto tunamwita Bibie, kwasababu kapewa jina la mama mkwe wangu na mimi nitamgombezaje mtoto kwa jina la mama mkwe, nyie niambieni. Bibie anasikia vizuri kabisa. Tulijua mapema bila kipimo, msikiti uko nyuma ya nyumba na kila adhana ya alfajiri alikuwa anashtuka mikono juu. Lakini hilo halikuwazuia wageni. Kila aliyekuja kuona mtoto lazima apige makofi kisogoni kwake aone kama atageuka. Kuna mama mmoja mtu mzima alikuja mpaka na sufuria na mwiko, akagonga weee, Bibie akageuka, akaitazama sufuria, akafungua mdomo akijua ni uji.

Basi neno lake la kwanza lilikuwa feni. Kwa mkono. Hajafikisha mwaka, joto la Januari lile la kwetu ambalo hata shuka linakuchoma, umeme umekatika, tumemlaza chali kwenye mkeka. Baba yake ana kawaida kila akiwasha feni anamwonyesha kidole kimoja juu anakizungusha. Siku hiyo Bibie akatazama dari, akainua mkono akaanza kuuzungusha. Sio kidole, mkono mzima kuanzia begani, yaani nusura ajipige usoni. Na feni ilikuwa imesimama. Hapo ndo nilipojua hili ni neno, maana hakuwa anaiga kitu kinachozunguka mbele ya macho yake. Alikuwa anakidai.

Kabla ya hapo mikono yake ilikuwa na porojo zake. Unajua mtoto anavyokaa peke yake anasema bababa dadada, hasemi na mtu, anachezea tu sauti? Bibie alikuwa anafanya hivo na vidole pia, anavifunga anavifungua, anagonga ngumi kifuani, anarudia kitu kilekile kwa mdundo mmoja huku anajitazama mkono. Nilifikiri ni vituko vyake. Kumbe watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette wa Canada waliandika kuhusu hilo kwenye jarida la Science mwaka 1991, kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wa lugha ya alama wanabwabwaja kwa mikono kama wanaosikia wanavyobwabwaja kwa mdomo. Ubongo unatafuta lugha, ikija kwa sikio sawa, ikija kwa jicho sawa. Nilimsomea mume wangu kwa mikono akaniangalia kama mtu aliyeambiwa bahari ina chumvi.

Na makosa ya mtoto ni yaleyale, hili ndo linanifurahisha kuliko yote. Kwa mdomo Bibie anakata maneno anabakisha mkia: samaki ni maki, chapati ni pati, machungwa ya Muheza ambayo angekula gunia zima ni ungwa. R hana, gari ni gali. Maji ni mma, kama watoto wote wa pwani tangu enzi za babu. Kwa mikono naye anarahisisha vilevile. Alama inayotaka vidole viwili vilivyonyooka na vingine vimekunjwa yeye anatoa kiganja chote, ya kuchezesha kifundo cha mkono anachezesha kiwiko, ya kugusa kidevu anagusa popote usoni, siku nyingine puani. Baba yake anamwelewa palepale, mimi nakaa nabahatisha. Alafu tukipata mgeni anayemsikia anasema maki, mgeni anacheka anasema jamani anajifunza kusema. Akifanya kosa la aina hiyohiyo kwa mkono mgeni haoni kitu, anaona mtoto anapunga mikono.

Kuna vitu vya nyumba kama yetu ambavyo usipoishi humo huvijui. Kumwita mtu, kwa mfano. Huwezi kuita ukiwa jikoni. Tunazimazima taa, au unamwendea unamgusa bega, au ukiwa mvivu kama mimi unarusha ndala ikaanguke karibu na miguu yake. Sakafu yetu ni ya sementi, kukanyaga hakusaidii, ya mbao ndo ingetetema. Sasa nani mwingine amejifunza hii ya ndala? Bibie alianza kurusha ndala kabla hajatembea vizuri na yeye halengi karibu na miguu, analenga mtu.

Na kulia. Akiwa na mimi analia kwa sauti, yaani wa kupasua paa. Akiwa na baba yake peke yao hapotezi nguvu, anamfuata mpaka alipo, anampiga paja, akishatazamwa ndo anakunja uso machozi yanatoka, bila sauti kabisa. Mara ya kwanza kuliona hilo kupitia dirishani nilidhani mtoto kapaliwa. Hana sauti lakini mdomo uko wazi na machozi yanamwagika, baba yake kamshika anamuuliza kwa mkono mmoja, nini? wapi? Akaonyesha goti. Nikaingia mimi mlangoni na Bibie aliponiona tu sauti ikawashwa.

Mbeleko nayo ina shida yake. Kwetu mtoto anabebwa mgongoni na kanga, unapika, unafagia, unaongea naye huku humtazami na yeye anasikia. Kwa lugha ya alama mgongoni ni gizani, haoni mikono yako wala wewe huoni yake. Kwahiyo baba yake anambeba ubavuni, na mimi nikiwa nakuna nazi nimekaa kwenye mbuzi mikono yote miwili ina kazi, Bibie anakuja kusimama mbele yangu, ananionyesha anataka machicha, nami namjibu kwa mdomo subiri mwanangu, yeye anageuka anamwendea baba yake kulalamika kwamba mama hajajibu. Nimejibu! Ila nimejibu kwa ile lugha ambayo wakati huo yeye hakuwa amefungulia.

Usiku umeme ukikatika mazungumzo yanakufa katikati ya sentensi. Tunawasha tochi ya simu, mmoja anammulika mwenzake mikono alafu wanabadilishana zamu. Bibie siku hizi akitaka baba yake aseme kitu anamnyang'anya simu anammulika yeye, na baba yake akimaliza kusema haruhusiwi kunyamaza, anaendelea kumulikwa.

Sasa nije kwenye kliniki. Tulikwenda kupima uzito, Bibie ana mwaka na nusu hivi, nesi anajaza kadi, akaniuliza mama, mtoto anasema maneno mangapi? Nikaanza kumtajia, baba, mama, mma, maki, gali, taka, na kwa mikono ana feni, maziwa, lala, kula, zaidi, baiskeli, paka, imekwisha, moto, mvua. Akanikatisha. "Hayo ya mikono weka pembeni mama, mi nataka ya mdomo." Nikamuuliza kwanini yawekwe pembeni. Akasema hayo ni ishara tu. Alafu akaniambia kwa huruma kabisa, na huruma ndo iliyoniudhi, kwamba nijitahidi kuongea na mtoto, nisimwachie sana baba yake, asije akachelewa.

Nilinyamaza maana foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Lakini fikiria, mtoto kasema paka, anajua ni paka, anamtofautisha na mbuzi, anamuulizia paka asipomwona. Anayefanya hivo kwa mdomo anapewa maksi, anayefanya kwa mkono anaambiwa bado hajaanza. Isitoshe hata kwa mdomo peke yake hakuwa nyuma. Kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kwenye orodha yake ya mwaka 2022 kinategemea mtoto wa miezi 18 ajaribu kusema maneno matatu au zaidi ukitoa mama na baba. Anayo. Na hao kina Petitto walirudi tena na utafiti mwaka 2001, wakafuatilia watoto wa Canada wanaokua na Kifaransa pamoja na lugha ya alama ya Quebec, wakawalinganisha na wanaokua na Kifaransa na Kiingereza, wote neno la kwanza lilikuja kwa wakati wake. Hakuna aliyecheleweshwa na mikono.

Nikirudi nyumbani nako nina ushauri wa kutosha. Jirani anasema ulimi mzito, alambishwe asali. Mwingine anywe kombe. Mwingine, na huyu nilimwambia shoga yangu hapa umefika mwisho, akakatwe kimeo. Asali sina ugomvi nayo maana mwaka ashavuka, kombe ni dua, sikatai dua. Kimeo hapana. Watoto wanatokwa damu, wanapata maambukizi, na hakihusiani kabisa na kuchelewa kusema, na wangu hata hajachelewa!

Lakini kinachonishangaza ni hiki. Mitaa hii hii ya Makorora na Mwanzange, mtoto anasikia Kidigo kwa bibi mzaa mama, Kisambaa kwa babu mzaa baba akienda Lushoto likizo, Kiswahili mtaani, Kiarabu madrasa, na Kiingereza cha katuni kwenye simu. Sijawahi kusikia mtu anasema huyu mtoto atachanganyikiwa. Anaambiwa ana akili, anajua lugha tano. Wa kwangu ana mbili tu, Kiswahili na lugha ya alama ya Tanzania, basi kikao cha ukoo kinaitishwa. Shida sio wingi wa lugha. Shida ni kwamba moja kati ya hizo mbili wameipa daraja la kupunga nzi.

Mume wangu hili halimshangazi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, alama ziondolewe darasani, na uamuzi huo ukasambaa duniani kwa miaka mingi. Yeye aliukuta mkia wake shuleni. Darasani kaa mikono mezani, tazama mdomo wa mwalimu, sema "pa". Usiku bwenini ndo wanapiga stori mpaka wanalala. Anasema darasani alijifunza kutamka pa, na bwenini ndo alikojifunza kila kitu kingine kuanzia siasa mpaka mpira. Na mpaka mtaalamu William Stokoe wa Marekani alipotoa kazi yake mwaka 1960 akaonyesha kwamba alama zina muundo wake kama lugha nyingine yoyote, wasomi wengi hata hawakuziita lugha. 1960! Juzi tu hapo, mama mkwe wangu ashazaliwa.

Jumapili rafiki zake wanakuja, wamesoma sehemu tofauti, na ndo burudani yangu ya wiki. Shule za viziwi hapa kwetu zilianza moja moja na mbalimbali, Tabora mwaka 1963, Buguruni kule Dar mwaka 1974, nyingine baadae, na watoto wa kila bweni walikuza alama zao kabla watu hawajaanza kuzikusanya pamoja, kazi ambayo Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wameifanya sana. Kwahiyo kitu kimoja kina alama mbili, tatu. Wanakaa barazani wanabishana ipi ndo yenyewe, kahawa inapoa, mmoja kasimama anaonyesha kwa mwili mzima, na Bibie yuko katikati ya mkeka anageuza shingo huku na huku. Hana tabu. Akiwa na fundi mwenzake baba anatumia ya kwake, akiwa na baba anarudi kwenye ya nyumbani. Hao hao ndo waliompa jina la alama, kugusa shimo la shavu la kushoto kwa kidole, maana akicheka linaingia ndani kabisa. Jina hilo la kwake mwenyewe, halina mama mkwe ndani yake, nikimgombeza kwa mikono nagombeza kwa raha zangu.

Kuna msomaji ananiuliza kama na yeye amfundishe mwanae alama japo kwao wote wanasikia, kaona vidio za akina mama wa Marekani. Naijua hiyo. Ilianza na watafiti wawili wa California, Linda Acredolo na Susan Goodwyn, miaka ya 1980, waligundua watoto wanaosikia wanabuni ishara zao wenyewe kabla ya kusema, wakaona kumbe wanaweza kufundishwa. Baadae ikawa biashara, madarasa, kadi, ahadi za mtoto kuwa jiniasi. Mimi nakwambia fundisha tu, ni raha, mtoto ambaye bado hajui kusema anaweza kukuonyesha anataka zaidi badala ya kupiga kelele. Ila ya jiniasi acha. Uingereza mwaka 2013 Elizabeth Kirk na wenzake walifuatilia watoto 40, waliofundishwa ishara hawakuwazidi wenzao kwa lugha. Mama zao ndo walikuwa wepesi zaidi kusoma mtoto anataka nini. Hiyo tu inatosha, ungetaka nini tena. Na ukiwa na kiziwi kwenye ukoo wenu basi usihangaike na kadi za Marekani, mfuate shangazi yako huyo mnayemwita bubu wakati ana lugha nzima mkononi, mwambie nifundishe.

Mama mkwe wangu ndo amenishangaza. Alimzaa mume wangu, akamlea, akamuuguza, na muda wote huo walikuwa wanaelewana kwa alama zao za nyumbani, chakula, njoo, lala, duka, hela. Hakuwahi kwenda mbele ya hapo, hakuna aliyemwambia inawezekana. Sasa Bibie akija kwake Pangani anamkalisha anamsomesha. Bibi anakosea, Bibie anamshika vidole anavikunja kwa nguvu mpaka vikae anavyotaka yeye. Wiki iliyopita bibi alimuuliza mwanae kama mgongo bado unamuuma na hiyo kazi ya kuinama. Swali zima, kwa mikono. Mume wangu akamjibu, wakaendelea, mimi nikaondoka kwenda kuanika nguo nisiwakatishe.

Siku hizi Bibie anaelekea miaka miwili na nusu na ameanza kuunga. Mdomo unasema gali, wakati huohuo mikono inaendesha usukani na jicho linaangalia barabarani, yaani sentensi imegawanywa sehemu tatu. Kwa bibi mzaa mama ni mdomo mtupu. Kwa baba ni mikono mitupu, hata midomo anaifunga. Kwangu mimi anachanganya anavyotaka. Hakuna aliyempangia.

Na ameanza kusema watu. Mama mkwe alituletea mkate wa kumimina, mzima, wa iliki, akasema huu wa mwanangu akitoka kazini. Mchana tukaukata kidogo mimi na Bibie. Kidogo tena. Mpaka alasiri sahani imebaki na mafuta tu. Nikamwambia kwa mdomo, Bibie, usimwambie baba eh? Akasema eh. Baiskeli haijaegeshwa vizuri ukutani yeye ashafika mlangoni, kampiga baba paja, kaonyesha sahani, viganja viwili juu, imekwisha, kanisonta mimi, kula, mama kula, zaidi, zaidi, zaidi. Baba akamuuliza na wewe? Akajigusa shimo la shavu, jina lake kamili, akatikisa kichwa. Hapana. Mume wangu akanigeukia kataka maelezo, nikamwambia mshike shahidi wako mashavu kwanza, yananata.